Hodi ya Nne

Watu wa mtaa wa Mabawa, mjini Tanga, walimwita Mama Ustawi, nami sitamwita vinginevyo. Jina lake la vyeti lilikuwapo ofisini, limechongwa kwenye kibao cha mbao, lakini siku nilipofika kile kibao kilikuwa kimetiwa dirishani ili upepo usilifunge, maandishi yametazama nje. Alikuwa afisa ustawi wa jamii, mmoja wa wale wanaotumwa nyumba kwa nyumba mtoto akipigwa, mke akifukuzwa au mzee akiachwa na wanawe. Nilipelekwa kwake kujifunza kazi nikiwa bado mwanachuo, kisha nikaajiriwa chini yake, na kwa jumla tulikuwa pamoja miaka minane. Karibu kila ninachokijua katika kazi hii nimekipata kwake, na kosa langu kubwa kuliko yote nimemkosea yeye. Nitalifikia. Kwanza niacheni nimweleze alivyokuwa, maana siku hizi watu wakimtaja wanamtaja kwa huruma, na yeye huruma ya namna hiyo hakuitaka hata kidogo.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa mtu asiyechelewa popote. Juu ya gauni la ofisini alijitanda kanga, na begani alipachika mkoba wa ukili wenye chupa ya maji, biskuti, sindano na uzi. Pikipiki hakupanda. Sisi vijana tulitamani tupande, jua la Tanga halina simile, lakini yeye alisema ukipita juu ya pikipiki utaona mabati, na mabati hayana habari. Alikuwa akitafuta viatu. Kila tulipofika kwenye mlango wa mtu alisimama kwanza, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Tazama viatu kabla hujatazama nyuso," alikuwa akiniambia. "Uso utakuamkia vizuri, utakuambia hatujambo. Kiatu hakijui kuwa umekuja."

Na kweli alivisoma. Alijua mume amerudi ingawa mke amesema hayupo. Alijua watoto ni wanne ingawa walioletwa mbele yetu ni watatu. Mara moja, katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa kimefagiliwa na kupangwa kwa ajili yetu, aliokota ndara moja ya mtoto iliyokatika kigwe, akaketi barazani akaishona pale pale huku akiongea na bibi wa nyumba habari za mvua na bei ya unga. Alipomaliza akauliza, "Mwenyewe yuko wapi nimvishe?" Yule bibi akaanza kulia.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza nani kanileta katika kazi hii. Mimi Msambaa wa milimani, nimelelewa kanisani kusema kweli hata pale inaponiumiza, nikamwambia nilitaka uuguzi, alama hazikutosha.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wengine wote huja hapa wananiambia wanapenda watu."

"Kwani wewe huwapendi, Mama?"

"Mie? Watu wananichosha, mwanangu. Wanasema uongo, wananuka, wanakuita usiku na mchana. Siwapendi. Nawaendea tu."

Nilicheka, nikadhani ananitania. Katika kundi letu la wanachuo walikuwapo wawili waliopenda watu sana, na wote wawili hawakumaliza mwaka. Yeye aliwaendea mpaka siku anastaafu.

Sitaki nimfanye malaika. Alitukataza kula majumbani mwa watu, akisema afisa anayekula kesho ataamua shauri kwa tumbo, lakini yeye alikula kila nyumba. Alikula mihogo, alikula bada ya unga wa muhogo, alikula samaki wa kukaanga mbele yetu sisi tuliofumba midomo. Tukimuuliza alisema sisi tukila tutaonekana tumehongwa, yeye akila ataonekana ana njaa. Majumbani alikuwa mpole hata unajiuliza kama ni mtu yule yule, maana ofisini aliwafokea makarani mpaka wakawa wanakunywa chai kwenye korido. Mpira ulipotangazwa redioni alimtukana refa kwa matusi ambayo nayakumbuka lakini siyaandiki.

Na kuna la dada yake. Mama Ustawi amepatanisha nusu ya mji ule. Nimemwona akiwakalisha wanandoa waliokatana mapanga, wakatoka wameshikana mikono na fatiha imesomwa. Lakini mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja, anayekaa Muheza, hakusemezana naye kwa miaka kwa sababu ya cherehani ya mama yao. Mama alipokufa mdogo aliichukua cherehani bila kuuliza, basi. Nilimwuliza siku moja, kwa utani, kwa nini asifungue jalada la nyumbani kwake.

"Mganga hajigangi," akanijibu, akageukia dirisha. Nikaelewa kuwa mlango umefungwa.

Sasa nieleze habari ya hodi. Huku pwani, na hili nilijifunza nikiwa mgeni, mtu hupiga hodi mara tatu. Unapiga ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu, na kama hakuna aliyekukaribisha unageuza njia. Pengine mwenye nyumba amelala, pengine yuko katika swala, pengine hataki kukuona, na hiyo nayo ni haki yake. Kupiga ya nne ni utovu wa adabu, na kuzunguka kwenda kuchungulia uani ni mambo ya wezi.

Mama Ustawi, mtu wa pwani kweli kweli, aliyefundwa na mabibi wa Tanga, alipiga ya nne. Akishapiga tatu mbele na kimya kikawa kimya, alimwita mama wa nyumba ya jirani awe shahidi, akazunguka naye, akasimama kwenye mlango wa jikoni na kupaza sauti: "Hodi ya kazi!" Watu walimchukia kwa jambo hilo. Bibi mmoja alimmwagia maji ya samaki. Mara nyingine alimkuta mzee wa watu anaoga uani. Hakukimbia wala hakupiga kelele, alimpa mgongo, akamwuliza maswali yake yote huku ametazama ukuta, na mzee akajibu yote huku ametulia ndani ya povu. Tulicheka habari hiyo mwaka mzima.

Nilimwuliza kwa nini anajidhalilisha. Ilikuwa siku ya mvua, ofisi haina mtu, tumekaa tunamenya machungwa. Alinieleza mara moja tu na hakuirudia tena.

Alikuwa mgeni kazini. Walimletea habari kwamba kuna nyumba ina mtoto wa kike, wa miaka kama saba, asiyesema wala kutembea, na mama yake humfungia ndani anapokwenda kwenye biashara. Akaenda Ijumaa. Akapiga hodi tatu kwa adabu zake zote, hakujibiwa, akaondoka akajiambia atarudi Jumatatu. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda Muheza asubuhi ile kuchukua machungwa ya kuuza, ageuze siku ile ile, homa ikamwangusha huko akalazwa hajijui. Jumatatu Mama Ustawi akarudi, akapiga tena tatu. Harufu ndiyo iliyomfanya aite watu.

"Daktari alisema ile Ijumaa alikuwa hai," akaniambia. "Alinisikia, mwanangu. Mtoto hasemi, ataitikiaje hodi?"

Nililiweka chini chungwa nililokuwa nimelimenya nusu.

"Mama yake alipotoka hospitali nilimwendea. Wakubwa zangu walinikataza, wakasema utajiletea kesi. Nikamwendea. Nikamwambia, mie nilikuja, nikapiga hodi tatu, nikaondoka. Nilitaka anipige. Akanyanyuka, akaenda kuniletea maji. Nikayanywa. Asingenipa maji yale, leo usingenikuta hapa."

Kisha akarudi kwenye habari za ofisi, na mvua ilipokatika tulitoka kwenda kazini.

Basi alistaafu. Tulimfanyia tafrija, tukampa saa ya ukutani na vitenge, akatuambia saa haitaki maana sasa hana pa kuchelewa. Alirudi kukaa katika nyumba yake ya zamani Chumbageni, peke yake, kama alivyokuwa tangu mumewe alipofariki. Kila asubuhi mama mmoja wa jirani alimletea vitumbua. Mimi nilimtembelea mwanzoni kila wiki, halafu kila mwezi, halafu nilipopata nafasi, na mnajua maana ya nafasi.

Kazi ilinielemea baada yake. Lipo shauri la binti mmoja ambalo nililipigania mpaka mwisho, na mwisho binti akarudishwa kwenye nyumba ile ile aliyoikimbia. Sitalieleza. Nilianza kuamka asubuhi mikono ikiwa mizito. Kaka yangu akaniita Moshi nikamsimamie duka lake la vifaa vya ujenzi, nikae kwenye kiti, niuze misumari, nirudi nyumbani. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Lakini sikuthubutu kuipeleka kabla hajaisoma yeye.

Ilikuwa Jumatano, alasiri. Nilifika Chumbageni na barua mkobani, nikiogopa, maana nilijua atanitazama namna gani. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vile vya rangi ya udongo, kimoja kigwe chake kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Niliviona. Nataka ieleweke kwamba niliviona. Nikapiga hodi. Kimya. Nikajiambia anaswali, nikangoja muda wa mtu kumaliza rakaa nne, kwa kuwa katika miaka minane nilikuwa nimeujua muda huo ingawa mimi ni Mlutheri. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu.

Njia ya kwenda uani ilikuwa mkono wangu wa kushoto, haifiki hatua kumi. Niliitazama. Nikasema moyoni, huyu ni mwalimu wako, hodi ya nne ni ya wale tunaowashuku, utamzungukiaje mtu mzima kama mtoro? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini chini ya adabu hiyo kulikuwa na kitu kingine, nacho ni nafuu. Nilifurahi hakunifungulia. Nilifurahi kwamba siku ile sitaulizwa. Nilipofika barabarani nilinunua muhogo wa kuchoma, nikala huku natembea, na ulikuwa mtamu.

Kesho yake asubuhi mama wa vitumbua alikuta viatu mlangoni na mlango haufunguliwi. Yeye hakusoma chuo chochote. Alizunguka uani, akapita mlango wa jikoni, akamkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango. Kiharusi. Walisema alikuwa pale tangu mchana wa Jumatano.

Hospitali nilikwenda mara moja, amelala, nikashukuru amelala. Halafu nikasikia mdogo wake amekuja kumchukua, yule yule wa cherehani, amempeleka kwake Muheza. Kutoka mjini mpaka Muheza hakuna safari ya kusema, lakini mimi ilinichukua miezi mitatu. Ile barua niliitia kwenye droo ofisini, sikuipeleka wala sikuichana. Sikumwambia mtu kwamba Jumatano ile nilikuwapo. Nilikwenda majumbani mwa watu na kuwaambia semeni, mkisema mtapata nafuu, halafu jioni nikarudi kwangu na yangu nimeyafumba kinywani.

Nilikwenda Jumapili moja baada ya ibada. Nyumba ya mdogo wake iko nyuma ya soko, machungwa yamerundikwa mpaka kwenye baraza za watu. Nikasimama mlangoni, nikatazama viatu bila kutaka, nikaviona vile vyenye uzi wa buluu vimepangwa vizuri pembeni, havina vumbi.

"Hodi," nikasema.

"Karibu!"

Ilikuwa sauti yake, safi, wala haikukwama. Nikadhani amepona, nikadhani Mungu amenisamehe bila kunitia taabuni. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwembamba aliyefanana naye macho tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Msambaa wake? Pita. Ila usifurahi sana kwa hiyo sauti."

"Karibu," akasema yule wa ndani.

"Ndilo neno lililobaki," mdogo wake akaniambia. "Akitaka maji, karibu. Akishiba, karibu. Akinitukana ni karibu, namjua kwa macho. Wallahi miaka yote ile hakunikaribisha kwake hata siku moja. Sasa ananikaribisha kutwa, na nyumba ni yangu." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Tangu walipomwokota hana jingine. Yule mama wa vitumbua anasema alimkuta analisema, pale chini, sauti imemkauka."

Nilishika mwimo wa mlango. Nilisikia machungwa yakimiminwa sokoni na watu wakipatana bei. Jumatano ile alinisikia, mara zote tatu, na mara zote tatu alinijibu kwa sauti isiyofika nje. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, naihesabu adabu yangu.

Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mikono, mito huku na huku, ile cherehani ya mama yao iko dirishani nyuma yake, imefunikwa kitambaa. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Karibu."

Mdogo wake alitoka kwenda jikoni. Nilijua nisiposema kabla hajarudi sitasema tena maisha yangu.

"Mama, Jumatano ile nilikuja. Nilipiga hodi tatu. Viatu niliviona, Mama. Nikaondoka."

Alinitazama. Yale macho yalikuwa yake, ya mlangoni, ya kutafuta kitu kilichoanguka. Mdomo ukaanza kufanya kazi, ukapinda, ukatafuta, mshipa ukamtoka shingoni. Alitaka kuniambia jambo, na halikuwa lile neno. Alipambana nalo mpaka nikataka kumwambia aache. Mwisho likatoka lile lile.

"Karibu," akasema, na chozi likamshuka upande ule mzima.

Mdogo wake akaingia na bilauri ya maji, akampelekea yeye mdomoni. Aliikataa. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule unaosikia amri, akaisukuma bilauri, maji yakimwagikia mapajani, akaisukuma tena mpaka ikafika kifuani kwangu.

"Tazama maajabu," mdogo wake akasema. "Tangu asubuhi nambembeleza anywe, hataki. Wewe anakupa."

Niliyapokea. Yalinilowesha gauni la kanisani, lakini niliyanywa yote.

Nilikaa mpaka alasiri. Nilimpigia soga za ofisini, makarani wamerudi kunywa chai ndani, kile kibao bado kiko dirishani. Nilipoomba ruhusa ya kuondoka alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyesinzia. Nikamuaga mdogo wake, nikavaa viatu, nikaenda mpaka barabarani. Gari la Tanga lilikuwa linaita abiria, kiti cha mbele ki wazi, nimeshika mlango.

Nikalisikia kutoka dirishani. "Karibu." Halafu tena. "Karibu."

Nikamwambia kondakta aende. Nikarudi, nikapita ubavuni mwa nyumba mpaka uani, ambako mdogo wake alikuwa anaosha vyombo. Aliinua uso akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia sijasahau kitu, nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikapiga hodi.